MTEJA AKISEMA "MASHINE HAINA MOTO", USIKIMBILIE KUMUUZIA KOILI

Wauza spea wa Masasi mnaopandisha mizigo Newala, hii ni yenu. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, meseji ni zile zile: "Mashine yangu ya zamani haiwaki, nitumie koili." Ukituma bila kuuliza na mashine ikagoma tena, atadai hela yake, na nauli ya mzigo imeshakwenda.

Mwambie apime kwanza:

1. Afungue plagi, airudishe kwenye kofia yake, chuma cha plagi kiguse injini, mbali na tundu la plagi na petroli. Avute kamba bila kushika plagi kwa mkono mtupu. Cheche ikiwa ya bluu na ina nguvu, moto upo. Akague mafuta na kabureta.

2. Cheche nyekundu hafifu, au hakuna kabisa? Ajaribu plagi mpya. Ya zamani ikiwa nyeusi na imelowa, huenda oili imezidi kwenye petroli.

3. Bado? Achomoe waya wa swichi ya kuzimia, usiguse chuma. Moto ukirudi, ubovu uko kwenye swichi au waya wake.

4. Bado? Asugue kutu kwenye sumaku na koili kwa msasa laini, kisha aache nafasi kati yake, unene wa kadi ya biashara.

Vyote vikigoma, sasa muuzie koili. Ila akutumie picha ya ile ya zamani kwanza, zisije zikapishana.

Faida ya plagi ni ndogo, sawa. Lakini mkulima uliyemwokolea siku ya kupulizia, msimu ujao anakutafuta wewe.