Jumatatu: Eliya Peke Yake Jangwani

Soma 1 Wafalme 19:3–18. Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Angalia Mungu alivyoanza naye. Hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha mkate na maji, kisha akamlisha tena. Mahubiri yalingoja. Kwa nguvu za chakula kile Eliya alitembea siku 40 mpaka Horebu, akasikia sauti ya chini baada ya upepo, tetemeko na moto. Lakini hakuruhusiwa kubaki mlimani. Alirudishwa kwa watu, akiwamo Elisha.

Ni nani kanisani kwenu anayehitaji chakula na usingizi kabla ya maneno yenu?