Shaba ya Roma na Shaba ya Tabora



Hapa Gisenyi tumekuwa tukisoma habari za Waroma. Nimeona vema nilinganishe sarafu yao moja na sarafu iliyopigwa Afrika ya Mashariki. Zote mbili ni za shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki.

Sarafu ya Waroma iliitwa dupondio. Tangu enzi ya Kaisari Augusto ilipigwa kwa shaba ya manjano, na thamani yake ilikuwa sawa na sarafu mbili za shaba nyekundu, ingawa kwa ukubwa hazikupishana sana. Zikiwa mpya, rangi ilizitenga. Zikichakaa, zote huwa nyeusi. Kwa hiyo tangu siku za Nero, aliyetawala mwaka 54 hadi 68, mara nyingi kichwa cha Kaisari kwenye dupondio kilivikwa taji lenye miali kama jua. Hata asiyejua kusoma aliweza kuitambua.

Sasa twende Tabora, mwaka 1916. Kabla ya vita, Rwanda na Tabora zilikuwa chini ya Wajerumani, na hapa Gisenyi palikuwa na kituo chao. Vita vilipokuja, manowari za Waingereza zilifunga bahari, sarafu zisiweze kuletwa kutoka Ujerumani. Basi Wajerumani wakapiga zao katika karakana ya reli karibu na Tabora, wakiyeyusha hata maganda ya risasi. Sarafu kubwa ya shaba ilikuwa ya Heller 20. Ndiko lilikotoka neno letu «hela». Ilikuwa na taji, herufi D.O.A. na mwaka 1916, na herufi T ya Tabora.

Tazameni tofauti. Heller 20 ilipigwa kwa shaba ya manjano na kwa nyekundu pia, na thamani ikawa ileile. Roma ilichagua shaba yake. Tabora ilitumia iliyopatikana. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora. Taji lilibaki kwenye sarafu, lakini serikali iliyoithibitisha thamani yake ilikuwa imeondoka.

Kwa hiyo nawasihi: mkipata sarafu kuukuu kwa babu au bibi, msiisugue kwa mchanga, wala msimpe mhunzi aiyeyushe. Kwanza isomeni pande zote mbili, na mwulizeni mwenyewe ilimfikiaje. Sarafu ikiyeyushwa, habari yake hairudi.