Jua Halichomozi Mahali Pamoja: Somo la Kupiga Picha za Mawio na Machweo

Karibu kila mkazi wa Kilifi mwenye simu ana picha ya jua likichomoza au likizama. Kwa baadhi ya vijana, hiyo ni kazi: wanawapiga picha maharusi na wageni ufuoni na kulipwa. Tatizo ni kwamba wengi hubahatisha.

Chukua mfano wa mpiga picha aliyeona, mwezi wa Juni, jua likichomoza sawasawa nyuma ya Mnara wa Vasco da Gama mjini Malindi. Anawaahidi maharusi wa Desemba picha kama hiyo. Siku inafika, maharusi wamerauka, lakini jua linatokea mbali upande wa kulia. Asubuhi imepotea na mteja amekasirika, ilhali jua halikumdanganya mtu.

Jua linavyosogea

Jua huchomoza mashariki kamili mara mbili tu kwa mwaka, karibu na Machi 20 na Septemba 22. Ukitazama mashariki, mwezi Juni huchomoza upande wa kushoto, yaani kaskazini, kwa takriban nyuzi 23. Desemba huhamia kulia, kusini, kwa kiasi hicho hicho. Jioni, jua la Juni pia huzama kaskazini zaidi na la Desemba kusini zaidi.

Kipimo rahisi ni ngumi. Nyoosha mkono mbele yako: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10. Kutoka Juni hadi Desemba, basi, jua huhama zaidi ya ngumi nne.

Saa nazo hubadilika. Mapema Novemba, jua la Malindi huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili asubuhi. Februari na Julai hukaribia saa kumi na mbili na nusu. Jioni huzama karibu saa kumi na mbili na dakika kumi mwezi Novemba, na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwezi Februari.

Kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo nafasi ni fupi. Duara lote hutokeza kwa takriban dakika 2, na baada ya dakika 40 tayari liko ngumi moja juu ya bahari. Fika nusu saa mapema. Jioni usiondoke haraka, kwani rangi nzuri mara nyingi huja jua likishazama.

Misimu na anga

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, anga huwa wazi na duara la jua huonekana vizuri, ingawa ukungu wa joto unaweza kufifiza rangi. Masika huleta mawingu mengi, lakini usikate tamaa: mvua husafisha hewa, na mawingu ya juu yakimulikwa kutoka chini huwaka mekundu. Wakati wa kusi, upepo hurusha chumvi kwenye lenzi. Beba kitambaa safi na ufute kila mara.

Mahali pa kusimama

Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo fuo za Malindi na Watamu ni za mawio. Kwa machweo, tafuta maji yaliyoingia bara: Hori ya Mida na mikoko yake, au Hori ya Kilifi. Usisimamishe gari darajani Kilifi kwa ajili ya picha. Huko Marafa, kuta za korongo la Nyari hukolea rangi jua linapoteremka.

Namna ya kupiga

1. Gusa anga kwenye kioo cha simu, pembeni mwa jua, kisha punguza mwangaza hadi rangi zikolee.
2. Usivute picha karibu kwa simu, sogea wewe.
3. Weka kitu mbele: mashua, mnazi au mtu. Kitatokea kama kivuli cheusi na kuipa picha maana. Ukimpiga mvuvi kazini, mwombe ruhusa kwanza.
4. Mwanga ukiwa hafifu, egemeza simu kwenye jiwe au tumia stendi ya miguu mitatu.

Usalama kwanza

Usilitazame jua kupitia tundu la kamera yenye lenzi. Lenzi hukusanya mwanga na inaweza kuunguza jicho bila maumivu yoyote kukuonya. Tumia kioo cha nyuma cha kamera. Waangalie watoto pia.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda juu kuliko kawaida. Waulize wavuvi saa za kujaa kabla ya kusimama juu ya miamba. Anayetaka kurusha droni anahitaji kwanza idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini.

Zoezi la mwaka

Chagua sehemu moja karibu na kwako na uweke alama chini. Piga picha kutoka hapo hapo karibu na Machi 20, Juni 21, Septemba 22 na Desemba 21, kisha uzipange pamoja. Picha hizo nne zitakuwa ramani yako. Mteja akiuliza jua litatokea wapi siku ya harusi yake, utamjibu bila kubahatisha.