Maji mafupi ya kando ya ziwa: tuvue bila kumaliza mbegu



Wengi wenu mnalima mlimani, lakini mko na mtumbwi kule chini, ao ndugu yenu iko nao. Hapa Ibanda, kutoka Muhumba mpaka Nguba, mutu anaweza kumaliza kupalilia saa tisa, na saa kumi na moja ako ndani ya maji na wavu wake. Ndiyo maana somo la leo ni la samaki, si la maharagi.

Ziwa Kivu linakwenda chini sana, linapita mita 480. Lakini samaki hawaishi mule kote. Kuanzia mita 60 ao 70 kwenda chini hakuna oksijeni. Kuna gesi, kama ile metani. Tena sehemu nyingi ukingo umeshuka kama ukuta. Kwa hiyo maji mafupi, yale mutu anagusa chini kwa mti wa kusukumia mtumbwi, ni ukanda mwembamba: ndani ya vighuba, kwenye matete, na pale mito inaingilia. Ukanda huo ndio pepinieri ya ziwa. Mkulima anajua: ukingoa miche kwenye pepinieri, usitafute mavuno shambani.

Tuangalie sambaza. Huyu si mwenyeji. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika kuelekea mwaka wa 1960. Akiwa mkubwa anaishi katikati ya ziwa, na wavuvi wanamfuata usiku kwa taa, na ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Lakini watoto wake wanakulia kando kando, kwenye maji mafupi. Sasa mutu anayevuta chandarua cha mbu mchana karibu na matete anakula sambaza ya wale wa taa kabla haijafika kwao. Halafu watu wanasema ziwa limekauka samaki!

Tilapia naye anategemea pale pale. Dume anachimba shimo la mviringo katika mchanga, kama sahani. Jike anataga humo, kisha anachukua mayai kinywani, mamia ya mayai, anayatunza mpaka yaanguliwe. Wakati ule hali kitu. Ukimvua jike wa namna hiyo, umevua familia nzima. Ukivuta wavu chini kwenye mchanga, unafuta na mashimo.

Mufanye jaribio hili siku ya mkutano. Mujaze kopo moja dogo la tomate na vile visamaki vya chandarua, muhesabu vichwa kimoja kimoja. Kisha muulize wamama wanaouza soko la Nguba ao Kadutu: idadi ile ile, wakiwa wakubwa, ingejaza beseni ngapi, na kwa bei gani? Hatuwapi jibu, hesabu yenu wenyewe itawakalia kichwani kuliko yetu.

Basi tuvue namna gani? Mtumbwi mdogo wa mutu mmoja ao wawili ni mzuri kwa maji mafupi, kwa sababu hauna kelele na unapita penye matete bila kuyavunja. Ndoano haina shida. Wavu wa kutega ni sawa kama kila jicho lake linapitisha vidole vitatu. Utegwe nje ya matete jioni, utolewe asubuhi, wala usikokotwe. Kupiga maji kwa fimbo ili samaki wakimbilie wavuni, hapana. Na jile ya kuokoa maisha ivaliwe, hata kama ukingo uko karibu: upepo wa mchana hauagi mutu.

Jambo lingine liko mikononi mwa wakulima zaidi kuliko wavuvi. Tunapolima mpaka kwenye maji na kukata matete yote, mvua inashusha udongo, udongo unafunika mashimo ya tilapia. Sisi tunashauri kuacha hatua kumi za matete na majani bila jembe. Majani yale unaweza kuyakata kwa zamu kwa ajili ya mbuzi, usiyangoe tu mizizi. Plastiki za mto Kawa ni mzigo wa mji mzima, hatuwezi kuwabebesha ninyi peke yenu.

Wenzetu wa Rwanda wanafunga uvuvi wa ziwa hili kwa kama miezi miwili kila mwaka. Koperative haiwezi kufunga ziwa, lakini inaweza kuchagua kighuba kimoja, kupanda miti mirefu majini kama alama, na kukubaliana kwamba mule wavu hauingii. Kabla ya kupanda alama, muwaone viongozi wa kata na wavuvi wasio wanamemba, maana wakisikia habari hiyo njiani alama zitang'olewa usiku wa kwanza. Muchague pia mutu wa kuandika katika kaye: tarehe, wavu gani, beseni ngapi. Kaye hiyo tutaifungua pamoja tutakapopita kwenu.