Neno Lililosikika Nusu ni Hatari kwa Afya

Maradhi mengi huletwa na viini, mbu au maji machafu. Lakini yako madhara ambayo huletwa na neno lililosikika nusu. Wiki hii, msomaji, tutaangalia namna watu wanavyoelewana kazini, kwani jambo hili linagusa afya kuliko wengi wanavyodhani.

Hapa Kisii na Nyamira, watu wengi hutumia lugha tatu kwa siku moja: Ekegusii, Kiswahili na Kiingereza. Muuguzi husoma maagizo ya daktari kwa Kiingereza, humweleza mgonjwa kwa Kiswahili, naye mgonjwa akifika nyumbani humsimulia mkewe kwa Ekegusii. Kila lugha inapobadilika, kitu huweza kupotea njiani. Chukua mfano wa saa. Muuguzi akiandika nambari 8 kwenye pakiti ya dawa, akikusudia asubuhi, mgonjwa anaweza kusoma "saa nane" na kuchelewa kumeza dawa kwa saa sita. Kosa hilohilo likitokea kwa dereva wa lori la kiwanda cha chai, majani yatamsubiri kituoni hadi yaharibike, na wakulima wapate hasara.

Katika hospitali, hasara huwa ni uhai. Mnamo Februari 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alipasuliwa kichwa kwa makosa. Aliyehitaji upasuaji huo, kwa sababu ya damu iliyoganda kwenye ubongo, alikuwa mtu mwingine. Vitambulisho vyao vilikuwa vimechanganywa. Saa kadhaa zilipita kabla ya madaktari kugundua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwapo.

Makosa kama haya huweza kupunguzwa kwa tabia ndogo ambazo hazigharimu pesa. Zifuatazo ni nne.

Kwanza, taja jina. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi yenye mambo 19 ya kuhakikisha katika vyumba vya upasuaji vya hospitali nane duniani. Mojawapo ilikuwa Ifakara, Tanzania. Karatasi hiyo iliwataka wahusika wathibitishe mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Pia kila mmoja alitaja jina lake na kazi yake kabla ya kisu kushikwa. Vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Mtu anayejua jina la mwenzake huona wepesi kumwita na kumwambia, "Ngoja kidogo." Basi kama una mfanyakazi mpya ofisini, usimwite "wewe kijana" mwezi mzima.

Pili, rudia ulichoambiwa. Ukipewa agizo, hasa kwa simu, lirudie kabla hujaondoka: kiasi gani, saa ngapi, kwa nani. Kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hukaribiana mno masikioni. Katika dozi ya dawa, tofauti hiyo yaweza kuua. Nawe unayetoa agizo, usiulize, "Umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Sema, "Hebu niambie utakavyofanya."

Tatu, mpe mdogo nafasi ya kusema. Kwa Abagusii, adabu ya chinsoni humtaka mtoto amstahi mzazi wake na wote wa kizazi cha mzazi huyo. Ni desturi njema. Lakini ikiingia kazini bila mipaka, kijana huona hatari akanyamaza. Shida hii si ya Gusii pekee. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife katika visiwa vya Kanari, fundi wa ndege aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa imeondoka njiani. Rubani, aliyekuwa mkubwa wake, akajibu kwamba imeondoka, akaendelea kuongeza kasi. Ndege hizo ziligongana na watu 583 wakafa. Kwa hiyo wewe uliye mkubwa ndiwe ufungue mlango. Kabla ya kazi kuanza, uliza, "Nani ameona jambo ambalo mimi sijaliona?" Kisha mshukuru anayesema, hata kama amekosea. Ukimkemea leo, kesho hatasema.

Nne, kabidhi zamu kwa maandishi. Unapoondoka, andika mambo matatu: lililokwisha, lililobaki, na la kuangaliwa sana. Msome pamoja na anayekupokea. Mlinzi, karani wa duka na muuguzi wa usiku wote wanaweza kufanya hivyo kwa dakika chache tu.

Faida nyingine ni yako mwenyewe. Mtu asiyejua anachotakiwa kufanya, au anayeogopa kuuliza, hurudi nyumbani na wasiwasi wake. Usingizi humpaa, kichwa humuuma, na hasira huwaangukia watoto. Dawa ya maumivu hutuliza kichwa kwa muda, lakini kiini cha shida hubaki kazini kikimngoja.

Usianze yote manne kwa pamoja. Wiki hii shika moja tu: rudia kila agizo unalopewa. Wenzako wakikucheka siku ya kwanza, wavumilie. Kuuliza si ujinga.