Hamira iliyoponea dirishani

SWALI: Tulipiga hamira miale ya urujuanimno kwenye sahani mbili, kwa muda sawa. Moja tukaifungia kabatini, nyingine tukaiacha dirishani. Baada ya siku mbili, ya dirishani ilikuwa na vidoa vingi zaidi. Tumekosea wapi?
Mwanafunzi, kidato cha sita

JIBU: Hongereni. Hamkukosea. Miale ile hugandanisha thaimini mbili zilizo jirani kwenye uzi wa DNA, kama kurasa za daftari lililomwagikiwa uji. Seli ikinakili uzi huo hukwama hapo. Hamira ina kimeng'enya kiitwacho fotolaisi, ambacho hushika palipoganda na kungoja. Kikipata mwanga wa buluu, hutumia nguvu ya mwanga huo kuzibandua bila kuukata uzi. Mwanasayansi Claud Rupert alikithibitisha kwa kutumia maji ya hamira hii hii ya mikate. Mwanafunzi wake, Aziz Sancar, akashiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Seli za kabatini nazo hazikukaa bure. Zilikata kipande kibovu, herufi za DNA kama 25 hivi, zikajaza kipya kwa kufuata uzi wa pili. Ngozi yetu hutegemea njia hiyo, maana sisi fotolaisi hatuna.

Mkirudia, ongezeni sahani isiyopigwa miale. Zote zikae dirishani, joto liwe moja, ila ile ya giza ifungwe kwa karatasi ya foili. Na taa ya miale hiyo msiitazame kwa macho matupu.