Anayejitolea Naye Mpe Jembe

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naona mtu aliyekuja kujitolea apewe jembe siku ile ile ya kwanza. Mashirika mengi ya kusaidia jamii hulalamika ati vijana huja mara moja, kisha huingia mitini. Katika makala haya nitaeleza kwa nini huwa hivyo, na jambo la kufanya.

Tuanze na hapa kwetu Pipeline. Kikundi kimoja kilitualika kuzoa taka Jumamosi asubuhi. Tulijitokeza vijana kama arobaini, lakini reki zilikuwa sita, glavu hakuna, na hakuna aliyejua aanzie ploti gani. Kufikia saa nne wengi walikuwa wameketi kando ya barabara wakipiga gumzo. Mwezi uliofuata tulikuja tisa tu. Mama mmoja muuza mboga alisema vijana wa siku hizi ni wavivu. La hasha! Walikosa kazi, hawakukosa moyo.

Sasa tazama wenzetu wa Mathare, papa hapa Eastlands. Mwaka wa 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha huko chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA. Chama hicho kiliingiza usafi wa mtaa katika ligi ya kandanda. Timu ikizoa taka siku iliyopangiwa, ilipata alama zilizojumlishwa na zile za uwanjani. Isitoshe, vijana waliokuwa makocha au marefa wa wenzao waliandikiwa alama, na waliokusanya nyingi walisaidiwa karo. Mwaka wa 1992 chama kilipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Funzo ni kuwa kila jasho liliandikwa.

Mfano wa pili ni wahudumu wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi wengi wao walitembea nyumba kwa nyumba bila malipo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa zaidi ya watu laki moja mikoba yenye vifaa kama vile mashine ya kupima shinikizo la damu, mashine ya kupima sukari na kipimajoto. Kila mmoja hukabidhiwa takriban nyumba mia moja. Hapa kwetu, nyumba mia moja zaweza kuwa ploti moja tu ya ghorofa nane! Hata hivyo, mhudumu anajua milango yake, na wenye milango wanamjua.

Kutokana na mifano hii, shirika linalotaka watu wa kujitolea lifanye mambo manne. Kwanza, kila mtu apewe kazi yake maalum na saa zake. Pili, vifaa viwe tayari kabla watu hawajafika. Tatu, pawe na daftari la kuandika nani alikuja na alifanya nini. Nne, watu washukuriwe, kwani chanda chema huvikwa pete.

Kuna watakaosema kuwa ukimpa mtu chochote, huko si kujitolea tena. Sikubaliani nao. Nauli ya matatu na kikombe cha uji si mshahara. Kijana akitoa nguvu zake bure, si haki atoe na pesa za mamake.

Wanachama wenzangu, jambo hili latuhusu. Kuna wazo kwamba chama chetu cha Kiswahili kiende kuwasomesha watoto katika makao ya watoto hapa mtaani. Ni wazo fiti sana, lakini tusiende kama umati. Kila mmoja wetu apangiwe watoto wawili, kitabu kimoja na siku moja ya juma, naye katibu aweke daftari. Asiyeweza aseme mapema, mwingine achukue zamu yake. Taka zikikosa mzoaji hungoja hadi kesho. Mtoto aliyeahidiwa mtu wa kumsomea, akaketi na kitabu mapajani asimwone mtu, hatakungoja mara ya pili. Ahadi ni deni.